Hodi ya Mikidadi

Aliyeaga hapigi hodi.

Mmelisikia neno hili leo kwenye redio, mtangazaji alipolitamka wakati uwanja mzima ulikuwa ukimpigia makofi mchezaji aliyevaa jezi ya wapinzani, na mkataka kujua limetoka wapi. Halikutoka mbali. Lilitoka Nyamori, mji wa chumvi, mlangoni kwa mwanamke aliyeitwa Siwema. Kesho yake likaingia uwanjani, na huko halijatoka mpaka leo. Ilikuwa hivi.

Nyamori ina chemchemi za maji ya chumvi. Enzi hizo wanaume waliyachemsha maji hayo katika masinia makubwa ya chuma juu ya matanuri, na wanawake wakaifungasha chumvi katika magunia. Siwema alikuwa mfungashaji. Siku sita za juma alishona midomo ya magunia, na siku ya saba alikuwa mtu mwingine kabisa, kwani timu ya kiwanda, iliyoitwa Chumvi tu, ilikuwa na mashabiki wake wa upande wa tanuri, waliokaa jukwaa lililopakana na matanuri, na yeye ndiye aliyewaongoza kuimba. Alikuwa na sauti iliyovuka uwanja mzima na kurudi. Mzee Ndabagoye alipiga ngoma, Siwema akaanzisha wimbo, na jukwaa zima la mbao likaitikia. Hakuna timu iliyopenda kuja kucheza Nyamori.

Katika nyumba yake alimlea Mikidadi, mtoto wa marehemu mdogo wake. Alimpokea akiwa na umri wa miaka minne, akamwita mwanangu, naye akamwita mama. Mtoto yule alikua na mpira mguuni. Alipofika miaka ishirini alikuwa mshambuliaji wa kati wa Chumvi, na mabeki wa mkoa mzima walilijua jina lake kabla hawajaiona sura yake. Pembeni yake alicheza winga aliyeitwa Zakayo, mtoto wa mkulima wa maharage kutoka vilimani, mtu wa maneno machache na mbio nyingi. Zakayo alipeleka krosi, Mikidadi akafunga. Mambo yalikuwa rahisi namna hiyo, na kwa miaka miwili Nyamori ilikula na kulala kwa raha.

Mwaka wa tatu Chumvi walibakiza mechi moja kuingia ligi kuu. Walihitaji sare tu. Wiki tatu kabla ya mechi hiyo, ikaja barua kutoka Dar es Salaam, kutoka timu kubwa ya Kimbunga. Barua zilikuwa mbili kwa kweli, moja ya Zakayo na moja ya Mikidadi.

Zakayo aliichukua yake akamwonyesha mwalimu wa timu. Kisha Jumapili, baada ya mazoezi, alisimama mbele ya jukwaa la upande wa tanuri akiwa na baba yake mzazi aliyeshuka kutoka vilimani, akawaambia watu kwamba ameitwa, kwamba amekubali, na kwamba ameomba abaki mpaka mechi ya mwisho iishe. Hakulia wala hakubembeleza. Watu walimzomea. Walimwita msaliti, walimwita mlafi, mtu mmoja akamrushia maganda ya muhogo yakamtua begani mbele ya baba yake. Zakayo aliyapangusa, akasubiri mpaka wakachoka, halafu akashika njia akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Nyumbani kwa Siwema alifika saa ya uji. Alisema amekuja kuaga. Siwema alimpa kikombe cha uji kwa sababu mgeni hanyimwi, lakini hakumjibu neno. Alimpa mgongo, akawa anachambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua. Zakayo alikunywa uji wake taratibu, akakiosha kikombe mwenyewe, akakifudikiza kwenye ungo, akatoka.

Mikidadi yeye alisema hana safari. Barua yake aliichana mbele ya watu uwanjani, akaipiga ngumi nembo ya jezi yake na kusema kwamba yeye ni mtoto wa hapa na atazikwa hapa. Watu walimbeba juu wakazunguka naye uwanja mara mbili. Wafungashaji wenzake Siwema walikaa siku nne wakishona bendera kubwa yenye namba tisa, namba ya Mikidadi, na Siwema aliwalisha na kuwanywesha chai, uso wake ukiwa mpana kwa furaha. Usiku mwanamke yule alilala akiwa na fahari ya mzazi.

Siku ya mechi ilipofika, bendera ilitundikwa na Mikidadi hakuonekana. Mwalimu alimsubiri mpaka refa akapiga filimbi ya kuita timu. Siwema alikimbia nyumbani, akaingia chumba cha mwanawe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Begi halikuwepo, viatu vya mpira havikuwepo. Baadaye mtu wa stesheni alisema alimwona akipanda treni ya Alhamisi, kofia imeshushwa mpaka machoni. Siku mbili zote Siwema alikuwa amedhani mwanawe yuko kambini na timu, na wenzake wa timu walidhani yuko kwao.

Barua aliyoichana ilikuwa bahasha tupu.

Siku ile Zakayo alicheza na kifundo cha mguu kilichofungwa bandeji. Alicheza nafasi yake na ya Mikidadi. Walifungwa bao moja dakika za mwisho, na ligi kuu ikawapita. Watu walipokuwa wanaondoka, walimwona Zakayo amekaa peke yake katikati ya uwanja, jezi imemfunika uso. Jumatatu alipopanda treni kwenda Dar es Salaam, kulikuwa na watu wawili tu waliomsindikiza. Mmoja ni Mzee Ndabagoye. Wa pili ni Siwema, aliyefika mbio treni ikianza kusogea, akampitishia dirishani furushi la samaki wakavu, migebuka. 

Pengine hata hapo watu wangesahau kuondoka kwa wote wawili. Miguu ya kijana ni yake, na kila mtu Nyamori alikuwa na ndugu aliyeondoka kutafuta maisha. Lakini mwezi mmoja baadaye, Mikidadi alihojiwa redioni baada ya kufunga mabao mawili. Chumba cha kufungashia kilikuwa na redio, na mashine zote zilinyamazishwa ili wamsikie. Mtangazaji alimuuliza kuhusu Nyamori. Mikidadi akacheka, akasema kule walikuwa wanacheza mpira kwenye jaa la chumvi, na anamshukuru Mungu ametoka. Wanawake wote walimtazama Siwema. Yeye aliinama akaendelea kushona gunia lililokuwa mbele yake, akajichoma sindano, akaendelea.

Zakayo naye alihojiwa siku yake. Aliulizwa swali lile lile. Alisema uwanja wa Nyamori una mashimo, na mashimo yale ndiyo yaliyomfundisha kuutazama mpira mpaka unapofika mguuni. Akasema anawaomba radhi kwa bao lile moja. Mzee Ndabagoye alikuwa akisikiliza nyumbani kwake. Aliinuka akaenda kuipigapiga ngoma yake kidogo, bila sababu.

Miaka mitatu ikapita. Chumvi walikuza vijana wengine, na mwaka wa tatu wakaingia ligi kuu. Ligi ile iliwatesa. Ilipobaki mechi moja, walikuwa ukingoni mwa kushuka, wakitakiwa kushinda, sare haisaidii. Na mechi hiyo moja ilikuwa nyumbani, dhidi ya Kimbunga.

Mji haukuzungumza jambo jingine. Mashabiki walikutana kwenye ukumbi wa kiwanda kuamua namna ya kuwapokea wale wawili. Vijana wengi walitaka wote wazomewe sawasawa, kwa hoja kwamba aliyehama amehama. Wengine walitunga wimbo wa kumtukana Mikidadi, na ndani ya wimbo huo walimtia mama yake, yule aliyekufa. Hawakuuimba mbele ya Siwema, lakini aliupata. Watu walimtaka aseme neno, maana yeye ndiye kiongozi wa waimbaji na yeye ndiye mlezi. Alisema atawajibu uwanjani.  Moyo wake ulimvuta huku na huku kama kamba ya watoto wanaovutana.

Ijumaa mchana treni ikawaleta Kimbunga. Siwema alikuwa jikoni anasonga ugali pale kivuli kilipopita mlangoni, mtu akaingia, akavuta kigoda akakaa. Alikuwa Zakayo. Alikuwa amenenepa mabega na kuota ndevu. Alimwamkia shikamoo, Siwema akaitikia marahaba, akamwambia anyooshe mkono amletee chumvi iliyo rafuni nyuma yake. Zakayo akampa. Waliongea habari za baba yake na za maharage, na ugali ulipoiva akanawa bila kuambiwa. Siwema alikuwa ameshaanza kumpakulia mchuzi pale aliposikia sauti nje, mlango wa mbele.

Sauti ilisema hodi.

Ilisema mara ya pili. Siwema aliijua kabla haijamaliza neno. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda mlangoni. Mikidadi alikuwa amesimama nje ya kizingiti, suti imemkaa vizuri, viatu vinang'aa, mkono mmoja bado umeinuliwa kwenye ubao wa mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Walitazamana. Halafu Siwema akasema, "Mwanangu, mbona unapiga hodi kwenu?"

Mikidadi aliutazama mkono wake kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Sijui, mama," alisema. "Umejiinua wenyewe."

"Zakayo yuko jikoni anakula. Si mtoto wa nyumba hii, wala hakupiga hodi. Ameingia, na mimi nimempokea bila hata kushangaa. Sasa ndiyo naelewa kwa nini."

"Kwa nini?"

"Aliyeaga hapigi hodi."

 Mikidadi alisema kwamba aliogopa, kwamba alimwona Zakayo akirushiwa maganda mbele ya baba yake na akajua yeye hataweza kusimama pale. Alisema ya redioni aliyasema ili wale wa Dar es Salaam wacheke, na walipocheka akajiona mtu. Alisema kila alipotaka kuandika barua, siku zilikuwa zimeshakuwa nyingi mno.

"Zakayo naye aliogopa," Siwema alisema. "Aliogopa akiwa amesimama."

"Na ambaye hakuaga, mama, afanye nini?"

"Apige hodi. Asubiri. Hodi haina haraka." Kisha akamshika mkono ule uliokuwa umeinuliwa, akamvuta ndani. "Mimi nakukaribisha, kwa sababu mimi ni mama yako na nyumba ni yangu. Uwanja si wangu. Kule kuna watu elfu nne, na uliwaambia utazikwa kwao. Kule utabisha mwenyewe."

Walikula watatu katika sinia moja. Majirani waliokuwa wamesimama nje walisikia yote, na kabla jua halijazama neno lile lilikuwa limeshafika kwenye matanuri.

Kesho yake uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya paa la ghala la chumvi. Kimbunga walipoingia kupasha misuli moto, Zakayo aliwaacha wenzake akatembea mpaka jukwaa la upande wa tanuri, akapanda ngazi mbili, akampa Mzee Ndabagoye mkono. Hakuna aliyemzomea. Watu walisogea wakampisha kama mtu anayepita sebuleni kwake. Kijana mmoja alimwambia wazi kwamba leo atawekewa ulinzi mpaka ajute kuzaliwa, akacheka, wakacheka wote.

Mikidadi hakufika upande ule. Alipunga mikono akiwa mbali, kisha akaenda goli la pili. Labda alidhani bado ana muda.

Mechi ilianza, na dakika ya ishirini Zakayo akafunga. Alipanda hewani kuliko mabeki wawili, akaupiga kichwa, ukaingia. Uwanja ulikufa ganzi. Wenzake walimkimbilia, lakini yeye aliwanyooshea viganja wamwache, akauchukua mpira wavuni, akaubeba mpaka katikati akiwa ameinamisha kichwa. Mzee Ndabagoye, machozi yakimtoka kwa kuona timu yake inazama, alipiga ngoma pigo moja la heshima. Wengine wakapiga makofi machache. Yalikuwa makofi machungu, lakini yalikuwa makofi.

Kipindi cha pili Chumvi walisawazisha. Kona ilichezwa, watu wakagombana langoni, na beki mmoja mrefu wa Nyamori akausukuma mpira kwa goti. Sasa ngoma ilinguruma na Siwema akaachia sauti yake yote, na jukwaa likaanza kucheza chini ya miguu ya watu. Bao moja zaidi lilihitajika. Likatafutwa kulia na kushoto, na halikuja. Na dakika ya themanini na mbili, beki yule yule wa Chumvi akamwangusha mtu ndani ya boksi. Penalti kwa Kimbunga.

Aliyeuchukua mpira alikuwa Mikidadi.

Goli lenyewe lilikuwa la upande wa tanuri. Alipokuwa anauweka mpira, vijana walivuta pumzi kuuanzisha ule wimbo wa kumtukana. Siwema aliusikia mwanzo wake. Akapanda juu ya benchi, akawageukia, akiupa uwanja mgongo.

"Mtoto wangu hatukanwi, wala mdogo wangu aliyelala kaburini hatukanwi," alisema. "Na hashangiliwi. Mnyamazieni. Hatujui ni nani huyu, hajapiga hodi."

Akashuka, akaiwekea ngozi ya ngoma kiganja. Na watu elfu nne wakanyamaza.

Wale waliokuwepo wanasema hawajawahi kusikia kimya kama kile. Masinia yalisikika yakitokota ng'ambo ya ukuta. Mikidadi alikuwa amepiga penalti mbele ya kelele za kila aina, na kelele zilimpa nguvu, maana mtu anayekuzomea anakujua. Aliinua uso akatazama jukwaa. Aliwaona wote: aliosoma nao, waliombeba juu, wanawake walioshona bendera. Nao walimtazama kama watu wanaosubiri treni wanavyomtazama mtu wasiyemjua. Akarudi nyuma hatua tano, akaja, akapiga.

Ulikwenda kulia, mkali, si mbaya. Lakini kipa wa Chumvi, mtu aliyeitwa Yasini, aliyekuwa mchochea moto katika tanuri la tatu, alikuwa ameshauwahi. Aliugonga kwa viganja viwili, ukadunda, akaukumbatia. Hakulala nao chini hata kidogo. Alisimama akaurusha mbali, winga mdogo wa Nyamori akaupokea kwenye mstari wa kati, akaanza kukimbia, na mbele yake kulikuwa na nyasi tu na kipa mmoja, maana Kimbunga wote walikuwa wamekuja kutazama penalti.

Alipofunga, jukwaa la upande wa tanuri lilivunjika mbao tatu. Watu walikumbatiana na watu waliokuwa hawasemeshani tangu mwaka ule walipoikosa ligi kuu. Mlinzi wa zamu kiwandani alisikia mngurumo, akajua maana yake, akavuta king'ora bila ruhusa ya mtu yeyote, na hakukiachia mpaka refa alipopiga filimbi ya mwisho. Ilikuwa mbili kwa moja. Chumvi walikuwa wamebaki ligi kuu. Siwema aliimba mpaka sauti ikamkauka, na ilipokauka aliendelea kuimba kwa mikono.

Umati uliingia uwanjani. Walimbeba Yasini, wakambeba winga mdogo, halafu wakamkuta Zakayo amekaa chini, jezi ya walioshindwa mwilini, wakamwinua naye juu bila kumuuliza. Ndiyo, walimbeba mtu aliyewafunga. Waandishi wa magazeti kutoka Dar es Salaam hawakuelewa, wakauliza. Mzee mmoja akawaambia kwamba huyu ni wa kwao, aliaga. Kesho kutwa yake maneno hayo yalikuwa yamechapishwa nchi nzima.

Basi la kuwapeleka Kimbunga stesheni lilikuwa limeshawasha injini, nao wachezaji wanapanda. Mikidadi aliweka mguu kwenye ngazi. Akautoa. Aligeuka, akatembea peke yake akiupita umati uliokuwa ukicheza, mpaka mbele ya jukwaa la upande wa tanuri, pale pale Zakayo aliposimama miaka mitatu nyuma na kurushiwa maganda. Mzee Ndabagoye alikuwa bado amekaa kwenye mbao zilizosalia, anafungua kamba za ngoma. Siwema alikuwa pembeni yake, koo limekauka, hawezi kusema hata kama angetaka.

Mikidadi akasimama wima. Akasema kwa sauti, mbele ya kila aliyekuwa karibu, "Hodi."

Hakujibiwa. Waliokuwa wanacheza waliacha kucheza, wengine wakasogea. Alisema tena hodi. Akasubiri. Hakuondoka. Dereva wa basi alipiga honi, naye hakugeuka. Siwema alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili ili asishuke kwenda kumchukua.

Mzee Ndabagoye alimaliza kufungua kamba zake zote, bila haraka. Kisha akainua kichwa.

"Tumekusikia," alisema. "Rudi mwakani, ubishe tena."

Mikidadi aliinama kwa heshima, akashika njia. Watu wakampisha apite. Hakuna aliyempiga bega, na hakuna aliyemrushia kitu. Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka wa pili, na kila alipofika alianza kwa jukwaa lile kabla ya kuvaa viatu. Mwaka wa tatu mtu akasema karibu, mtu mmoja tu, kwa sauti ndogo, na Siwema anakumbuka hata shati alilovaa.

Lakini Zakayo hakuwahi kusema neno lile Nyamori, wala hakuna aliyetarajia aliseme. Aliingia mji ule kila alipotaka, akavuta kigoda, akanawa mikono. Ndiyo maana leo mnawaona mashabiki wakimpigia makofi mmoja aliyewaacha na kumnyamazia mwingine, mkadhani ni vigeugeu. Wote wawili waliondoka. Aliyeaga hapigi hodi.